Tusipokausha mahindi tutayalipia hospitalini

Msomaji, ni lini mara ya mwisho ulipotia mkono hadi kiwiko ndani ya gunia la mahindi ili ujue kama ndani mna joto? Ukiwa mkazi wa mjini, pengine hujawahi. Gunia hufika kwa basi kutoka nyumbani, mwenye mkokoteni akalileta mpaka mlangoni, nawe ukaliegemeza kwenye ukuta wa jikoni kando ya mtungi wa gesi. Hukaa hapo miezi miwili au mitatu likipungua gorogoro kwa gorogoro, na hakuna anayeliuliza habari.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya kawaida. Wagonjwa wangu huja na kikohozi, malaria, shinikizo la damu na watoto wanaoharisha. Sikusomea kilimo. Hata hivyo, kadiri miaka inavyopita ndivyo ninavyozidi kusadiki kwamba sehemu kubwa ya maradhi ya tumbo na ini, na udhaifu wa watoto wetu, huanzia katika zile wiki chache baina ya kuvuna na kutia mahindi ghalani. Kipindi hicho si cha Wizara ya Afya wala hakuna daktari anayekihutubia. Wacha basi leo nikihutubie mimi.

Kwanza hasara yenyewe. Mwaka 2011 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba nafaka inayopotea baada ya mavuno katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ina thamani ya dola bilioni 4 kwa mwaka, na kwamba chakula hicho kingewatosha watu milioni 48. Hesabu kubwa kama hizo huingia sikio hili na kutokea lile, kwa hivyo tufanye hesabu ya nyumba moja. Chukua familia iliyovuna magunia kumi ya kilo 90. Panya, fukusi, dumuzi na ukungu wakichukua magunia mawili tu, zimekwenda kilo 180. Nyumba inayosonga ugali wa gorogoro moja ya kilo mbili kila siku imepoteza chakula cha siku 90. Hiyo ni miezi mitatu, na kwa kawaida huwa ndiyo ile miezi mitatu ya mwisho kabla ya mavuno mapya, wakati bei sokoni imepanda na mkulima aliyeuza mahindi yake Januari kwa ajili ya karo anayanunua tena kwa bei ya kumliza.

Na kwa nini aliuza mapema? Karo ni sababu moja. Sababu ya pili husemwa kwa sauti ya chini: anajua kwamba akiyaweka yataliwa na wadudu. Dumuzi, yule mdudu mdogo mweusi anayegeuza punje kuwa vumbi, hakuwa wa kwetu. Alitoka Amerika ya Kati, akaonekana Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akavuka mpaka na kuingia Kenya upande wa Taveta mwaka 1983. Ghala za wazee wetu zilijengwa kwa kupambana na fukusi, naye dumuzi hula hata miti ya ghala.

Lakini mdudu humwonyesha mtu hasara yake. Ukungu ndio unaonitisha zaidi.

Mwaka 2004 nilikuwa mwanafunzi wa udaktari. Mavuno ya mwanzo wa mwaka huo kwetu Ukambani yalikutwa na mvua isiyokuwa ya msimu wake. Chakula kilikuwa haba, wezi walikuwa wengi, na watu wakayaingiza mahindi mabichi ndani ya nyumba za kulala badala ya kuyaacha nje yakauke. Miezi michache baadaye hospitali za Makueni na Kitui zikaanza kupokea watu wenye macho ya manjano, matumbo yaliyojaa maji na matapishi yasiyokoma. Hadi Julai walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao wakafa. Haikuwa mara ya kwanza, kwani mwaka 1981 wagonjwa 12 walikufa vivyo hivyo katika wilaya ya Machakos. Wala si sisi peke yetu: mwaka 2016 jirani zetu wa Dodoma na Manyara walizika watu 20.

Kilichowaua ni aflatoksini, ambayo Watanzania wameipa jina zuri la sumukuvu. Hutengenezwa na kuvu wa rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, anayependa mahindi na njugu karanga zenye unyevu na joto. Wataalamu waliitambua kwa ajili ya bata mzinga: mwaka 1960 ndege hao zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mabaki ya njugu kutoka Brazili, na ndipo ulimwengu ulipoanza kuichunguza.

Wachunguzi walipopima mahindi ya sokoni katika wilaya zilizoathirika mwaka 2004, waligundua kwamba zaidi ya nusu ya sampuli zilikuwa na sumu kupita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo, ambacho kilikuwa sehemu 20 kwa kila bilioni. Asilimia 7 zilipita sehemu 1,000. Siku hizi kiwango cha Kenya ni sehemu 10. Zingatia kwamba hayo yalikuwa mahindi ya sokoni, ya kuuzwa kwa mtu yeyote, pamoja na mkazi wa mjini aliyedhani kwamba balaa ni la watu wa mashambani.

Serikali ilipeleka chakula cha msaada ili watu wabadilishane na mahindi mabovu. Nyanya yangu alitoa gunia moja na kuficha la pili chini ya kitanda. Nilipomsihi alinijibu, “Mjukuu wangu, hili gunia naliona kwa macho. Hiyo sumu yenu siioni, na hilo lori la msaada sijui kama litarudi tena.” Nilimkasirikia sana. Leo, baada ya kuwa na watoto wangu wa kulisha, sina uhakika kwamba ningefanya tofauti. Mwenye njaa hawezi kutupa chakula kwa sababu ya jambo ambalo halina harufu wala ladha. (Gunia lile tulilichukua usiku na kulizika, naye hakusema nami kwa wiki nzima.)

Vifo vya ghafla namna hii ni vya nadra. Madhara ya kawaida ni ya polepole, nayo ndiyo ninayokutana nayo. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka aflatoksini katika kundi la kwanza la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu. Huliharibu ini kidogo kidogo, na mtu aliye na virusi vya homa ya ini aina ya B hatari yake huongezeka maradufu na zaidi, kwa sababu maadui hao wawili husaidiana. Watoto wetu huchanjwa dhidi ya homa hiyo tangu mapema miaka ya 2000. Wewe uliyezaliwa kabla ya hapo huenda hukuipata chanjo hiyo, na inafaa ukapimwe. Mgonjwa wa saratani ya ini hunijia amechelewa, amekonda, tumbo limefura, na mara nyingi hajawahi kuonja pombe. Jamaa zake huuliza ni nani aliyemroga.

Kwa watoto jambo lenyewe bado linachunguzwa, lakini dalili zake si nzuri. Utafiti uliofanywa Benin na Togo ulionyesha kwamba watoto waliokuwa na aflatoksini nyingi damuni walikuwa wafupi na wepesi kuliko wenzao. Hapa Kenya utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulipata kwamba asilimia 18 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Siwezi kukuambia ni wangapi kati yao wamedumazwa na uji wa mahindi yaliyovunda. Ninalojua ni kwamba mtoto aliyeachishwa ziwa hula uji huo huo asubuhi na jioni, na mwili wake ni mdogo kuliko wako.

Wengi huniuliza, “Daktari, kwani moto hauui hiyo sumu?” Hauui. Kuvu mwenyewe hufa, lakini sumu aliyokwisha kuiacha haiharibiwi na moto wa jikoni. Uchemshe githeri kutwa nzima, usonge ugali mpaka mwiko uvunjike, sumu itabaki. Kumpa ng’ombe hayo mahindi pia si dawa, kwani sumu hupita na kutokea katika maziwa ikiwa imebadilika umbo kidogo. Na anayeyapeleka kwa wapika pombe amehamisha msiba kutoka nyumba moja hadi nyingine.

Linalosaidia ni kubagua. Punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizobadilika rangi na zilizosinyaa ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu, kwa hivyo mama anayepepeta na kuchagua mahindi kwenye uteo anafanya kazi ya maabara. Wakamba nao wana muthokoi, mahindi yaliyokobolewa maganda kabla ya kupikwa. Sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini, na watafiti waliopima wameona kwamba kukoboa huipunguza sana. Haiishi yote, hasa mahindi yakiwa yameharibika mno, lakini nafurahi kuona kwamba chakula tulichokuwa tukichekwa nacho shuleni kina hekima ndani yake.

Sasa tuje kwenye sumu ya pili, ambayo tunaitia wenyewe. Mkulima anayeogopa dumuzi huenda dukani akauziwa vidonge vya kufukizia nafaka. Vidonge hivyo vikipata unyevu wa hewa hutoa gesi iitwayo fosfini. Vimekusudiwa maghala makubwa yanayofungwa barabara, mikononi mwa watu waliofunzwa. Mwananchi huvitia ndani ya gunia na gunia akaliweka chumbani watoto wanamolala. Usiku gesi hutoka. Harufu yake ni kama ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, na wengine hawaisikii kabisa. Mtoto huamka anatapika, kifua kimembana, anahema. Wazazi hudhani ni chakula cha jioni. Nimewahi kumpokea mmoja alfajiri na hadi saa nne alikuwa amekata roho, kwa maana fosfini haina dawa ya kuiondoa mwilini. Tunachoweza ni kumsaidia mgonjwa apumue na kumwombea. Aliyeviuza vidonge vile hakuwa amesema neno. Tafadhali, msomaji: kama kuna gunia lenye vidonge hivyo katika nyumba wanamolala watu, nyumbani kwako au kwa wazazi wako, watu watoke na milango ifunguliwe leo, usingoje mwisho wa wiki.

Yote haya yana kinga, nayo haihitaji profesa. Mahindi yavunwe yakiwa yamekomaa, yasiachwe shambani yakinyeshewa. Yaanikwe juu ya turubai, kamwe yasianikwe juu ya udongo, maana kuvu hukaa udongoni. Yakaushwe mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13.5 au chini yake. Utajuaje bila mashine? Kuna njia ya chumvi, nami huwafundisha wagonjwa wangu wote wanaolima. Chukua chupa kavu ya kioo na chumvi iliyoanikwa juani ikakauka kabisa. Tia mahindi kiasi cha theluthi moja ya chupa, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi, funga, utikise kwa dakika chache, kisha uiache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuwekwa. Isipoganda, bado yaanike siku moja zaidi kwa usalama.

Yakishakauka na kubaguliwa, kuna mifuko isiyopitisha hewa, yenye tabaka mbili za plastiki nzito ndani na gunia la kawaida nje. Aina moja ilianza kutengenezewa kunde huko Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980, na sasa mifuko hii inapatikana katika maduka mengi ya pembejeo. Ukiifunga vizuri, wadudu waliomo humaliza hewa wakafa wenyewe, bila unga wa dawa wala kidonge. Mwaka jana nilimnunulia mama kadhaa, kila mmoja kwa chini ya shilingi 300, na hutumika tena msimu ujao usipotobolewa na panya. Lakini ole wako ukitia mahindi mabichi humo! Mfuko haukaushi. Utakuwa umeyafungia mahindi pamoja na unyevu wake.

Kuna pia dawa ya shambani itengenezwayo kwa kuvu wa jamii hiyo hiyo ambaye hatoi sumu, ili amfukuze yule mbaya. Hutengenezwa Katumani katika kaunti ya Machakos, na mkulima hunyunyiza kilo nne kwa ekari wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa mbelewele. Ni jambo zuri ambalo wakulima wengi ninaozungumza nao hawajalisikia, na hapo ndipo ninapoanza ugomvi wangu na wakubwa.

Kila msimu husikia habari za mbolea ya bei nafuu, na mbolea ni njema. Magunia yatakayovunwa hutabiriwa kwa mamilioni na kutangazwa redioni. Lakini ni nani amewahi kutangaza ni magunia mangapi yaliyofika mezani yakiwa salama? Mwaka 2014 viongozi wa Afrika walikutana Malabo wakaahidi kupunguza kwa nusu hasara ya baada ya mavuno kufikia mwaka 2025. Mwaka huo umekuja. Uliza kijijini kwenu kama kuna aliyeisikia ahadi hiyo. Mwaka 2023 serikali ilileta mashine za kukaushia mahindi na kuzigawa katika vituo vya Halmashauri ya Nafaka, nami naisifu kwa hilo. Hata hivyo, mkulima wa magunia manane hawezi kuyakodia gari kwenda kukausha na kuyakodia tena kurudi. Mashine imfuate alipo, kama vile chanjo inavyomfuata mtoto. Na sehemu ya fedha za ruzuku ya mbolea ingenunua turubai na mifuko, maana haifai kumsaidia mtu kukuza mahindi kisha kumwacha ayatazame yakioza.

Sisi madaktari nasi tuna lawama. Tunamwuliza mgonjwa wa ini kama hunywa pombe, tunaandika, tunageuza ukurasa. Nani kati yetu humwuliza mahindi yake yamekaaje? Afisa wa afya ya jamii hupita nyumba hadi nyumba akitazama choo na maji. Angeweza vilevile kutia mkono ndani ya gunia.

Na wewe wa mjini, usidhani umeokoka kwa kununua unga wa pakiti. Novemba 2019 shirika la kukagua ubora wa bidhaa lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini. Angalau hizo zilipimwa. Mahindi unayosaga mwenyewe mtaani hayapimwi na mtu yeyote isipokuwa pua yako, na pua haisikii sumu hii. Yakague kabla ya kusaga, weka gunia juu ya mbao na mbali na ukuta, nunua kidogo kidogo. Njugu zilizokunjamana au zenye uchungu ziteme.

Nakiri kwamba mimi mwenyewe nimewahi kushindwa. Miaka michache iliyopita gunia nililoletewa lilikaa kwenye sakafu ya simiti karibu na bomba lililokuwa likivuja. Mke wangu alipochota akatoa bonge la punje zilizoshikana, zenye joto na rangi ya kijani. Nikamwambia tuyaanike juu ya paa, huenda yakafaa. Nikafikiria kuku wa bawabu. Nikafikiria nauli na jasho la mama yangu. Mke wangu, ambaye si daktari, alinitazama akaniuliza kama ningempa mgonjwa wangu ushauri huo. Tulitupa karibu kilo 60, na siku ile nilimwelewa nyanya yangu kuliko nilivyowahi kumwelewa.

Kwa hivyo, kabla ya mavuno yajayo, ukituma pesa nyumbani za kulipa wavunaji, ongeza za turubai moja na mifuko mitano, na uzitume mapema kabla mvua haijawatangulia. Na ukimwona mtu, mkubwa au mdogo, macho yamegeuka manjano, anatapika na tumbo linamfura, hasa kama kuna mwingine nyumbani mwenye dalili hizo au mbwa wa nyumba hiyo amekufa, usimpeleke kwa mganga wala usingoje kesho. Mfikishe hospitalini siku hiyo hiyo, na umbebee daktari konzi ya yale mahindi aliyokuwa akila.